Nani Alikunja Chapati ya Kwanza? Kutoka Migodi ya Mexico Mpaka Samuye

Leo hakuna umbea wa mastaa, tulieni kidogo tuongelee tumbo.

Juzi mshkaji wangu wa Dar kanitumia picha yuko mgahawani anakula burrito. Kwa ambao hamjaiona, ni chapati laini imekunjwa, ndani kuna wali, maharage, nyama, parachichi na pilipili. Chini akaandika, "Nyie wa Shinyanga hivi vitu mtavijulia wapi?" Nikacheka, halafu nikampelekea simu mama mdogo aone. Akaiangalia weee, akasema, "Mbona hii ni ile ya wachimbaji?"

Hapo ndo nilipoanza kusoma, na kiukweli nimekuta mambo.

Tuanze na jina. Burrito ni Kihispania, maana yake punda mdogo. Mexico kuna hadithi maarufu ya muuza chakula wa mjini Ciudad Juárez, enzi za mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, aliyekuwa anazunguka na punda huku chakula chake amekifunga kwenye chapati kisipoe. Hadithi tamu, ila ina tatizo. Kamusi ya maneno ya Mexico iliyotoka mwaka 1895 tayari ilikuwa na neno burrito, tena ikataja kuwa linatumika Guanajuato. Yaani mapinduzi yanaanza, watu walishakula burrito miaka kibao! Kwa hiyo yule mwenye punda hata kama alikuwepo, wa kwanza siyo yeye. Wa kwanza hatumjui.

Sasa sikia hii, watu wa Geita na Kahama itawagusa. Guanajuato ni eneo la migodi ya fedha, yale madini yenyewe. Na ndugu yake burrito, yaani taco, yupo mwanahistoria anayesema jina lake lilitoka migodini. Wachimbaji wa fedha walikuwa wanafunga baruti kwenye karatasi, wanaichomeka kwenye tundu la mwamba, wanalipua. Kile kifurushi kiliitwa taco. Na moja ya aina za zamani za taco zilizoandikwa inaitwa taco ya mchimbaji. Mtu anashuka shimoni mikono michafu, hana sahani wala kijiko, chakula lazima kijifunge chenyewe. Aliyewahi kukaa Nyarugusu au Mwakitolyo anaelewa bila kuchorewa.

Chapati yenyewe je? Watu wa Mexico tangu zamani walikuwa wanakula chapati nyembamba za mahindi. Wahispania walipouteka mji mkuu wao mwaka 1521 wakaja na ngano, na ngano ikakubali zaidi kule kaskazini. Chapati ya ngano inavutika, unaikunja haipasuki. Ndo ikazaa burrito.

Huku kwetu ngoma ilikuja kwa njia nyingine. Chapati ilitoka India. Wahindi walikuwa wanafanya biashara pwani yetu toka zamani, halafu Waingereza wakaleta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa kwenda Ziwa Victoria, kati ya 1896 na 1901. Reli ya Tabora kwenda Mwanza, hii inayopita Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928. Maduka yakasogea, unga wa ngano ukasogea, chapati ikawa yetu.

Na vitu vya ndani? Hapa ndo nilichoka kabisa. Mahindi, haya tunayosongea ugali, asili yake ni Mexico. Nyanya, pilipili, parachichi na haya maharage yetu vyote asili yake ni Amerika. Vilivuka bahari baada ya Wazungu kufika kule, na Wareno ni kati ya waliovileta huku. Eti sisi tukayaita mahindi kama vile yametoka India, hahaha! Kwa hiyo mshkaji wangu wa Dar, ukila chapati maharage na kachumbari ya parachichi pale Samuye, Mexico iko sahanini kwako. Bado kukunja tu.

Na kukunja majirani zetu wameshakunja. Uganda kuna Rolex, siyo saa, ni chapati imekunjwa na mayai, nyanya na kabichi. Masimulizi mengi yanasema ilishika kasi Wandegeya, Kampala, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Wanafunzi wana haraka na hela hawana. Muuzaji akisema "rolled eggs" haraka haraka, sikio linasikia Rolex. Na Marekani mwaka 1993 mpishi mmoja alifungua duka la burrito Denver, karibu na chuo kikuu pia, akaliita Chipotle. Leo lina matawi maelfu. Wateja ni walewale, wenye njaa na haraka. Tofauti ni kwamba wa Denver jina lake liko kwenye vitabu vya biashara, wa Wandegeya watu wanabishana tu ni nani.

Narudi kwa mama mdogo. Alikaanga chapati kando ya barabara hapa Samuye miaka mingi. Vijana wanaoenda machimbo walikuwa wanapita alfajiri, akawa anawawekea maharage makavu na pilipili katikati ya chapati, anakunja, anafunga na gazeti. Hakuita jina lolote. Nilimuuliza nani alimfundisha, akanijibu, "Nani anifundishe? Wangekulaje duarani?"

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye yale magazeti. Mwaka jana macho yamemshinda kwa moshi, ameacha. Hana hata picha moja akiwa kazini, na mimi nilikuwa na simu muda wote huo, napiga picha za magari ya mastaa.

Ndo kinachoniuma. Aliyekunja wa kwanza Guanajuato hana jina, wa Wandegeya hana jina, na huyu wa kwangu ningemwacha apite hivihivi. Sisemi yeye ndo kagundua burrito. Nasema njaa ya mchimbaji ni ileile Mexico na hapa, na kila mahali kuna mama aliyeitatua bila kusubiri mtu amfundishe.

Haya wadau, mtaani kwako nani anakaanga? Leo ukipita muulize alianzaje, mpige picha akikubali. Halafu shuka kwenye komenti utusimulie.