Umeme ubongoni: Panya wa maabara wanatufunza nini kuhusu hofu?

MAPIGANO ya ardhi yaliyozuka katika eneo la Mlima Elgon mwaka 2006 yalizimwa mwaka 2008, baada ya wanajeshi kuwakabili wapiganaji wa kundi la SLDF katika operesheni iliyopewa jina Okoa Maisha. Mapema mwaka huohuo, waliofurushwa na ghasia za uchaguzi walikuwa wamepiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Kitale.

Bunduki zilinyamaza, lakini hofu haiondoki siku moja na hatari. Anayeshtushwa na kila kishindo cha usiku, iwe Cheptais au viungani mwa Kitale, huenda akaambiwa kwamba amerogwa, ni mwoga au amepungukiwa na imani.

Sayansi ina jibu tofauti, na sehemu kubwa ya jibu hilo imetokana na wanyama wa maabara waliopitishiwa umeme hafifu ubongoni.

Safari hiyo ilianza Uswisi katika miaka ya 1920. Mtaalamu Walter Hess aliingiza nyaya nyembamba katika ubongo wa paka, hadi sehemu ya ndani iitwayo hipothalamasi. Umeme ulipopita, paka aliyekuwa ametulia alisimamisha manyoya na kujiandaa kupigana, ingawa hapakuwa na adui mbele yake. Hess alituzwa Nobel mwaka 1949.

Mwaka 1954, James Olds na Peter Milner waligundua nchini Kanada kwamba sehemu nyingine za ubongo zikichochewa huleta raha. Panya walibonyeza kitufe tena na tena ili wapate umeme huo.

Lakini wasiwasi wa panya hupimwaje, ilhali hawezi kusema? Njia mojawapo ni jukwaa lenye umbo la msalaba, lililoinuliwa kiasi cha nusu mita kutoka sakafuni. Mikono miwili ina kuta, na miwili iko wazi. Panya mwenye wasiwasi hujificha kwenye kuta. Aliyetulia huthubutu kutoka. Akipewa dawa ya kutuliza kama vile diazepamu, hukaa zaidi penye uwazi.

Kipimo hicho kina upungufu. Panya anayetoka huenda amechangamka tu, wala si kwamba hofu imemwisha. Ndiyo maana watafiti hutumia vipimo zaidi ya kimoja.

Jaribio lenye funzo kubwa lilichapishwa mwaka 2012 na Gregory Quirk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Puerto Rico. Panya walifunzwa kuogopa mlio fulani kwa kuwa ulifuatwa na mshtuko miguuni. Kisha mlio huo ulirudiwa mara nyingi bila mshtuko, ili wajue kwamba hatari imepita.

Umeme ulipoelekezwa upande wa juu wa eneo liitwalo striatamu ya chini, panya walijifunza vyema zaidi kuacha kuogopa. Ulipoelekezwa upande wa chini wa eneo hilohilo, funzo hilo lilivurugika.

Mwaka mmoja kabla, Kay Tye na wenzake nchini Marekani walipata matokeo yanayokaribiana na hayo, wakitumia mwanga badala ya umeme. Walipochochea njia moja tu ndani ya amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, wasiwasi wa panya ulipungua. Walipochochea seli zenyewe kwa jumla, uliongezeka.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, hofu ina njia zake ubongoni, nayo huweza kufunzwa na kufunzuliwa. Si aibu wala laana. Pili, tofauti ndogo mno ya mahali hugeuza tiba kuwa madhara. Kwa hivyo, yeyote anayeahidi kuponya wasiwasi kwa mashine ya umeme sokoni au kando ya barabara hastahili kukabidhiwa kichwa cha mtu.

Hata katika nchi tajiri, kuchochea ubongo kwa nyaya zilizopandikizwa si tiba ya kawaida ya wasiwasi. Marekani iliidhinisha mwaka 2009, kwa masharti, itumiwe kwa wagonjwa wachache wenye mawazo sugu yanayowalazimisha kurudiarudia vitendo.

Tiba hiyo isichanganywe na ile ya mshtuko wa umeme iliyobuniwa Roma mwaka 1938. Hiyo siku hizi hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, hasa kwa sonona kali.

Kwa mkazi wa Bungoma au Kitale, njia iliyo karibu haihitaji waya. Ushauri nasaha humsaidia mgonjwa kukutana na anachokiogopa hatua kwa hatua mahali penye usalama, jinsi panya walivyosikia mlio bila mshtuko. Wengine huhitaji dawa pia.

Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazitwika serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya kaunti, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Hofu iliyodumu wiki nyingi na kumnyima mtu usingizi au kazi ni sababu tosha ya kumwona daktari.