Habari za Shule za Makatekista na Lugha za Kwetu katika Tarime na Serengeti

Katika Jubilei hii twawakumbuka mapadre waliozikwa katika ardhi yetu, na masista waliowauguza wagonjwa, na makanisa yaliyoinuliwa kwa jasho la wengi. Ni haki kuwakumbuka. Lakini liko jengo moja lisiloonekana tena, wala picha yake haikutundikwa ukutani, nalo ni kibanda cha udongo na nyasi kilichoitwa shule ya katekista. Twataka kuwaeleza wasomaji habari zake, kwa kuwa kazi iliyotendeka ndani yake ilikuwa kazi ya kijiji kizima, na kwa kuwa sehemu moja ya kazi hiyo tumeiacha ianguke.

Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Nyanza, mwaka 1883, na katika nchi ya Mara walifungua misioni ya Nyegina mwaka 1911. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao mwaka 1868, aliwaagiza wajifunze lugha ya watu waliotumwa kwao, tena wasiharakishe kubatiza, bali watu wafundishwe kwanza muda wa miaka minne. Maagizo hayo mawili ndiyo yaliyozaa shule zetu. Kwa maana padre mmoja hawezi kufundisha miaka minne katika kila kilima. Alihitaji watu wa kilima kile kile, wenye kusema kama jirani zao. Ndipo walipotokea makatekista. Baadaye misioni zikaenea hata Kowak kwa Waluo, na Rosana kwa Wakuria, na Iramba kwa Wangoreme. Mwaka 1946 Vikarieti ya Musoma na Maswa ilitengwa na Mwanza, na mwaka huo huo wakafika Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani. Mwaka 1957 Musoma ikawa Jimbo kamili.

Nchi yetu ina lugha nyingi karibu karibu. Katika Tarime wako Wakuria pamoja na koo zao, kama vile Wanyabasi, Wakira, Wairegi na Watimbaru. Katika Serengeti wako Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, na kando yao Watatoga, ambao lugha yao haina udugu na zetu. Haikuwezekana kuchapa katekisimo kwa kila lugha. Basi kitabu kilikuwa cha Kiswahili, na kinywa kilikuwa cha Kikuria au cha Kingoreme. Katekista alisoma swali kitabuni, kisha akaligeuza kwa maneno ya nyumbani, akatafuta mfano katika ng'ombe na ulezi, hata mzee asiyejua herufi moja akatikisa kichwa kwa kuelewa.

Shule hizo hazikupata fedha za Serikali. Wadachi walikuwa wametumia Kiswahili katika shule zao, na Waingereza wakakishika vile vile. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikatengeneza njia ya kuzisaidia shule zilizoandikishwa zenye walimu wenye vyeti. Kibanda cha katekista hakikuwa miongoni mwa hizo. Kiliishi kwa mikono ya watu. Wanaume walikata miti, wanawake wakakanda udongo na kuleta nyasi. Wazee wetu wametusimulia jinsi wazazi walivyopeana zamu za kuchunga, leo mtoto wa huyu, kesho mtoto wa yule, ili wote wapate kusoma. Na jinsi walivyomlimia katekista shamba lake, kwa kuwa posho yake ilikuwa ndogo. Mzazi alimwuliza mwanawe jioni amefundishwa nini, na mtoto aliweza kumjibu, maana alifundishwa kwa lugha ya jikoni kwao.

Je, umoja huo ulipotea vipi? Twaona kwamba haukuvunjwa na adui. Mwaka 1969 ilitungwa sheria iliyozitia shule za mashirika mikononi mwa Serikali. Mwaka 1974, hapa hapa Musoma, halmashauri kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, ili kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Hilo lilikuwa jambo jema sana. Nacho Kiswahili kimetufanya kuwa taifa moja. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama aliyelelewa kwa Kizanaki na kubatizwa mwaka 1943, alikipenda hata akavitia vitabu vya Maandiko katika tenzi za Kiswahili. Hatuwezi kukilaumu Kiswahili, maana ndicho tunachoandikia hapa.

Kosa lilikuwa penginepo. Mzazi alidhani shule itamfundisha mtoto yote. Shule ilidhani lugha ya kwao ni kazi ya nyumba. Kanisa nalo, lilipoiacha Kilatini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilisali kwa Kiswahili, likadhani yatosha. Kila mmoja alimtegemea mwenzake, na ulimi wa mtoto ukaanguka katikati. Nasi tuna sehemu yetu. Katika shule tuliyosoma sisi, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amsikie mwenzake akikosa vivyo hivyo. Tulipokuwa walimu wa dini, wengine wetu tuliwakemea watoto kwa mtindo ule ule, tukidhani twawasaidia.

Leo twayaona matunda. Mara nyingi twaitwa usiku kwa bibi aliye karibu kufa. Bibi awaaga wajukuu wake kwa Kikuria, nao watugeukia sisi ili tuwafasirie. Twafasiri, lakini twaona haya, kwa kuwa maneno ya kuagana hayafai kupita katika kinywa cha mgeni.

Wako wasemao kwamba kurudisha lugha ni kurudisha mila mbaya, hasa ukeketaji wa mabinti. Hofu hiyo si ya bure. Kila msimu wa Desemba wapo mabinti wanaokimbilia kituo cha Masanga katika Tarime ili waokoke na kisu. Lakini lugha ni chungu, na chungu hakimchagulii mpishi chakula. Tena mzee anayeamua mambo ya ukoo hasikilizi hotuba ya mjini. Husikiliza neno lililonenwa kwa Kikuria, mbele ya wazee wenzake. Anayetaka kumwokoa binti huyo, naajue kulinena neno hilo vizuri.

Kwa furaha twasema kwamba kazi imekwisha kuanza. Kamusi ya Kikuria na Kiingereza ilitoka mwaka 1996. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yataka lugha zetu zithaminiwe na kuandikwa. Na katika karne hii, huko Musoma, shirika la SIL pamoja na makanisa mbalimbali wamekaa na wenyeji ili kuziandika lugha kama Kingoreme, Kiikoma, Kizanaki na Kisimbiti. Kazi hiyo si nyepesi, kwa maana Kikuria na Kingoreme zina irabu 7, na Kiswahili kina 5 tu. Ukiziandika kwa irabu za Kiswahili, maneno mawili yaliyo mbali huonekana kuwa moja. Hata mbali sana, huko Nyuzilandi, Wamaori walianzisha mwaka 1982 vyumba viitwavyo viota vya lugha, ambamo wazee na wazazi huwalea watoto wadogo kwa Kimaori. Kumbe yaliyokuwa kibandani kwetu, wengine wayatafuta upya.

Basi twaomba kila parokia itenge saa moja baada ya Misa ya Dominika. Wazee walete hadithi, vitendawili na wimbo wa iritungu. Mwalimu wa shule aonyeshe namna ya kuziandika herufi. Katekista aandike yote katika daftari, ili maneno yasizikwe pamoja na msemaji. Mzazi naye asimwachie mtoto mlangoni akaenda zake. Aketi, asikilize, na jioni aulize kama babu zetu walivyouliza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yake mwenyewe. Roho huyo hajatuacha. Kwa msaada wake twataka wajukuu wetu, siku watakapoketi kando ya vitanda vyetu, wasihitaji mfasiri.