Nzango: muchezo wa shule usioomba mupira

Saa ya gym, mara nyingi mupira ni moja tu: wavulana wanaukimbilia, wasichana wanabaki pembeni kuchunga viatu. Nzango inaweza kugeuza hiyo, hata katika kiwanja cha muchanga cha shule ya Kamina.

Ni muchezo wa ekipi ambao wasichana wa Kongo zote mbili wanaucheza tangu zamani. Ekipi mbili zinasimama uso kwa uso. Muchezaji moja wa kila upande anatoka, wanaruka na kupiga makofi, wenzao wanaimba, kisha wote wawili wanatupa muguu mbele wakati uleule. Wakitoa wote wa kuume ao wote wa kushoto, ekipi moja inapata pointi. Miguu ikipishana, inapata ile ingine. Hiyo wanapatana mbele ya kuanza.

Kongo-Brazzaville waliuwekea kanuni, ekipi ya watu 11. Mwaka 2015 ulionyeshwa katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville.

Mwalimu anahitaji tu kuchora mustari chini, kugawa darasa na kuchagua mwenye kuhesabu pointi. Wavulana nao waingie. Hapo kila mutoto anatoka jasho, si mwenye kujua mupira peke yake.