Miaka Elfu Mbili ya Kutafuta Kanuni za Mwendo

Kitu kilichosukumwa kikaachwa huishia kusimama. Aristotle aliliona hilo katika karne ya 4 kabla ya Kristo, akafundisha kwamba hakuna mwendo pasipo kisukumizi kinachoendelea kusukuma. Fundisho lake lilipwaya kwenye mshale: ukishaachana na upinde, unasukumwa na nini? Alijibu kuwa ni hewa iliyochochewa na upinde ndiyo inayoupeleka mbele.

Katika karne ya 6, mjini Aleksandria, Philoponus alilikataa jibu hilo. Kwake hewa ni kizuizi, na mrushaji hukitia kitu nguvu ya kwenda. Aliandika pia kwamba mawe mawili yanayopishana sana kwa uzito, yakiachiwa pamoja, hufika chini kwa tofauti ndogo mno ya muda. Ibn Sina (980–1037) alisogea mbele zaidi: nguvu hiyo, aliyoiita mayl, haiishi yenyewe bali huondolewa na vizuizi, kwa hiyo kitu kilichorushwa mahali patupu kisingesimama kamwe. Hapo kanuni ya kwanza ya mwendo, kwamba kitu kisichozuiwa huendelea na mwendo wake, ilikuwa karibu kabisa kutamkwa. Lakini yeye aliona ni hoja ya kuthibitisha kuwa mahali patupu hapapo. Buridan, huko Paris katika karne ya 14, aliieleza nguvu ya aina hiyo kwa wingi wa maada na kasi ya kitu.

Hoja zote hizo zilikosa vipimo, na vipimo vililetwa na Galileo, aliyefundisha Padua kuanzia 1592 hadi 1610. Kitu kinachoanguka wima kilizishinda kwa kasi saa za wakati ule, basi akaupunguza mwendo kwa mteremko. Alichonga mfereji ulionyooka katika ubao wa urefu wa dhiraa 12 hivi, akautandika ngozi laini ili kupunguza msuguano, akabingirisha tufe la shaba. Muda aliupima kwa maji: yalitoka katika chombo kikubwa kwa mrija mwembamba, yakakingwa kwa bilauri, kisha yakapimwa kwa mizani. Tufe lilipopewa robo tu ya ubao lilitumia nusu ya muda. Katika vipindi vya muda vinavyolingana, umbali ulikwenda kama 1, 3, 5, 7. Uzuri wa jaribio hili uko katika uchache wa vifaa vyake. Fundi seremala yeyote wa zama hizo angeweza kuuchonga ubao ule.

Mteremko ulimpa jambo kubwa zaidi. Tufe likishuka upande mmoja na kupanda mwingine, hukaribia kimo lilikoanzia. Upande wa pili ukilazwa zaidi, tufe huenda mbali zaidi kukitafuta kimo hicho. Ukilazwa tambarare kabisa, halina sababu ya kusimama. Kilichohitaji maelezo sasa kilikuwa kusimama, na maelezo yake ni msuguano. Matokeo hayo yalichapishwa Leiden mwaka 1638, Galileo mwenyewe akiwa kifungoni nyumbani kwake Arcetri. Mwaka 1640, huko Marseille, Gassendi aliangusha mawe kutoka juu ya mlingoti wa chombo kilichokuwa kikienda. Yalitua chini ya mlingoti uleule, kwa kuwa yaliendelea na mwendo wa chombo. Descartes, mwaka 1644, aliongeza sharti kwamba mwendo usiozuiwa hufuata mstari ulionyooka.

Agosti 1684 mwanaastronomia Halley alimfuata Newton huko Cambridge kumuuliza kuhusu njia za sayari. Swali hilo lilizaa kitabu cha Principia, kilichotoka 1687 na kuziweka kanuni tatu pamoja. Kitu hubaki kimetulia, au huenda moja kwa moja kwa kasi ileile, mpaka kani ikibadilishe. Badiliko la mwendo hulingana na kani iliyotumika na hufuata mwelekeo wake. Kila kani hujibiwa na kani iliyo sawa nayo, yenye mwelekeo wa kinyume. Hii ya tatu Newton aliijaribu kwa kugonganisha matufe ya kioo, chuma, kizibo na sufi yaliyoning'inizwa kwa kamba, huku akihesabu hata ukinzani wa hewa.

Mlinganyo wa darasani, kani ni masi mara mchapuko, haumo katika Principia kwa sura hiyo. Katikati ya karne ya 18 Leonhard Euler ndiye aliyeiandika kanuni ya pili kwa milinganyo, mmoja kwa kila mhimili kati ya mihimili mitatu, akaionyesha kuwa msingi wa kukokotoa mwendo wa kila aina ya kitu.