Kichocho cha Ini na Picha ya Mawimbi ya Sauti

Mabibo, ambayo jina lake ni lile la matunda ya mkorosho, ni mtaa wa Dar es Salaam uliojaa wapangaji waliotoka kila pembe ya nchi. Mtu wa pwani atajapo kichocho, huwa amekusudia ugonjwa wa kukojoa damu, nao ndio uliojulikana tangu zamani katika mabonde ya mji huo. Lakini mpangaji mwenziwe aliyekulia Ukerewe au Sengerema huenda akawa na kichocho cha namna nyingine, kishikacho matumbo na ini. Akiulizwa kama amepata kukojoa damu atajibu kwamba hapana, naye atakuwa amesema kweli. Jina moja limefunika maradhi mawili.

Kosa hilo si la Waswahili peke yao. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, aliwaona minyoo hao mjini Cairo katika mwaka wa 1851, ndani ya damu ya mshipa uingiao katika ini. Kwa zaidi ya miaka hamsini mabingwa wengi walidhani kwamba ni mnyoo wa namna moja tu. Symmers, katika mwaka wa 1904, alieleza maini ya maiti yenye makovu meupe yaliyozunguka matawi ya mshipa huo, akayafananisha na digali za viko vya udongo. Walakini mayai aliyoyataja yalikuwa ya kichocho cha mkojo. Sambon alizitenga namna hizo mbili mwaka wa 1907, na Leiper akathibitisha huko huko Misri, mwaka wa 1915, kwamba kila moja ina konokono wake. Konokono wa kichocho cha tumbo hastawi katika joto la nyanda za chini za pwani, na kwa hiyo ugonjwa huu hufika Mabibo pamoja na mtu aliyekwisha kuupata kwingine.

Mnyoo jike hutaga mayai katika mishipa ya matumbo. Mengine huchukuliwa na damu hata ndani ya ini, yakakwama katika vijitawi vyembamba, na kila yai hujengewa kovu. Miaka ikipita njia husongwa, damu hurundikana nyuma yake, bandama huvimba, na damu hutafuta vichochoro vya kupitia tumboni na kooni. Vijishipa vya huko havikuumbwa kwa mzigo huo. Vikipasuka, mgonjwa hutapika damu, na huenda akafa. Jambo la hatari ni kwamba chembe za ini lenyewe hubaki zikifanya kazi yake kwa muda mrefu, hata vipimo vya damu vionyeshavyo kazi ya ini vikaonekana vyema.

Zamani daktari alikuwa na vidole vyake tu. Lakini bandama kubwa katika nchi yenye malaria haithibitishi kitu, na watoto wa Makueni, Kenya, walionekana kuvimba ini na bandama kwa malaria na kichocho kwa pamoja, bila makovu. Kukata kipande cha ini kwa sindano, nako, hakuwezekani kijijini. Altrasaundi, itumiayo mawimbi ya sauti yasiyosikika, ilileta njia isiyojeruhi mwili. Homeida na wenzake walionyesha nchini Sudan, mwaka wa 1988, kwamba picha zake zilipatana na vipande vya ini vilivyopimwa. Mabingwa wakakutana Cairo mwaka wa 1990, kisha Niamey mwaka wa 1996, na mwongozo wa Niamey ukachapishwa mwaka wa 2000. Mpimaji hulinganisha ini na picha zilizopangwa kwa herufi, kisha hupima upana wa mshipa kwa kuzingatia kimo cha mtu. Inafaa kukumbuka kwamba picha huonyesha umbo. Shinikizo lenyewe hukisiwa tu, na vijishipa vya koo huonekana vyema zaidi kwa mpira wenye taa.

Mwongozo huo ulitumika kupima watu wazima wa kisiwa cha Kome, Sengerema, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2015. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, na makovu machanga yaweza kupungua. Makovu ya zamani huwa magumu kuondoka. Kwa hiyo daktari wa Dar es Salaam apokeapo mtu anayetapika damu humfaa kumwuliza swali ambalo neno kichocho, kama lisikiwavyo pwani, haliliibui: utotoni alioga katika maji ya wapi?