Yubile ya Miaka Hamsini ya Kanisa la Garissa

Halmashauri ya chama chetu imetuagiza tuandike, kabla ya hesabu za mwaka, maneno machache juu ya yubile ya Kanisa Katoliki la Garissa, lililowekwa mwaka 1976. Sisi tulioletwa Buna na kazi za ofisi, za shule na za zahanati twasali darasani siku ya Jumapili, na mara nyingine idadi yetu haifiki kumi. Basi si ajabu kwamba baadhi yetu waliuliza: yubile hiyo ni ya nani?

Wakati wa ukoloni nchi hii ilifungwa kwa sheria. Mtu hakuingia bila kibali, wala misheni hazikupata nafasi zilizoipata Kikuyu au Maseno. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, vilivyokwisha 1967, na hata leo wako wazee ambao wakisafiri kwenda Nairobi husema kwamba wanakwenda Kenya. Kwa hiyo Garissa ilipofanywa eneo la kanisa peke yake, chini ya mapadre Wakapuchini, karibu wenyeji wote walikuwa Waislamu, na waumini wengi walikuwa wageni: askari, waalimu, makarani na wachuuzi kutoka bara. Kanisa la namna hiyo laweza kugeuka klabu ya watumishi wa serikali, na sisi makarani twaijua hatari hiyo kuliko wengine.

Aliyeonyesha njia nyingine hakuwa padre wala mtawa. Annalena Tonelli, Mwitalia, alifika Kenya mwaka 1969, akafundisha shule, akafanya makazi yake Wajir. Huko aliona jinsi kifua kikuu kilivyowamaliza wafugaji. Dawa za siku zile zilitakiwa kutumiwa mwaka mzima au zaidi, na mfugaji hawezi kulala hospitalini muda huo wote huku ngamia wake wakifuata mvua. Mwaka 1976 ukaanzishwa mpango mpya: wagonjwa walikaa katika vibanda kama vya nyumbani, karibu na kituo, wakameza dawa kila siku mbele ya mhudumu, na muda ukafupishwa kuwa miezi sita. Hakutafuta kumbatiza mtu. Njia ya kumeza dawa ukitazamwa baadaye ilienezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi.

Februari 1984 askari waliwakusanya wanaume wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaua wengi. Serikali ilitaja watu 57. Wenyeji husema ni mamia, hata zaidi ya elfu. Tonelli alikwenda kuwaokota majeruhi na maiti, habari zikatoka nje, na kwa ajili hiyo ilimbidi aondoke Kenya. Aliuawa kwa risasi Borama tarehe 5 Oktoba 2003. Mwaka ule ule wa 1984 Garissa ilipandishwa kuwa jimbo kamili, chini ya Askofu Paul Darmanin wa Malta, aliyeliongoza hadi 2015.

Miaka ya damu hatutairefusha. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa, wakafa watu wasiopungua 15. Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya likakubali kwamba vijana wao wayalinde makanisa. Alhamisi Kuu ya 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Waalimu wengi wa bara wakaondoka, na watoto walioachwa bila masomo walikuwa wa Waislamu. Disemba ya mwaka huo, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo waliosafiri nao katika basi moja. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafariki Januari 2016.

Mkutano wetu ulibishana muda mrefu. Ndugu mmoja alitaka fedha za sikukuu zinunue mbuzi wawili na kanzu za kwaya. Mwingine alisema kwamba sadaka ya Wakristo haifai kutoka nje ya kanisa. Mzee mmoja wa hapa, Mwislamu, ambaye ni mwana-chama wetu, alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza kama twajua nauli ya mgonjwa wa kifua kutoka Buna mpaka Wajir. Hatukuijua. Sasa twaijua, na mbuzi alinunuliwa mmoja tu. Fedha zilizobaki zimeandikwa katika hesabu ya mweka hazina, mstari wa tatu, chini ya neno Nauli.