Sloti Kwanza, Kadi Baadaye
Wasee, mkitafutia seva kuukuu kadi ya mtandao, mimi nasema msianze na kasi. Anzeni na sloti, maana sloti ina historia yake.

PCI ya kawaida ya 1992 ilipitisha megabaiti 133 kwa sekunde, tena kadi zote ziligawana. Mwaka 1999 gigabiti ikaja kwenye waya wa shaba, ikitaka 125 kwenda na 125 kurudi. PCI ikalemewa. PCI Express ya 2003 ikapa kila njia 250 zake, bila kugombania. Lakini gigabiti 10 inataka 1,250: sloti ya njia nne za kizazi hicho haitoshi, tafuta ya nane.

Hauna? Basi utalipia kasi ambayo hutaiona. Hiyo pesa mimi ningenunua diski.